Vidole Vinne Juu ya Dirisha

Wifi yangu alikosea kipimo mara moja tu maishani, au ndivyo tulivyoamini, na kosa hilo lilimnyima raha miaka mitatu. Nalitaja mapema kwa sababu bila hilo utamwona mwanamke mgomvi tu. Ugomvi anao, sikatai, na mimi ndiye shahidi namba moja. Lakini hagombani bila sababu.

Mtaani wanamwita Mama Futi kwa kuwa futi ya kupimia haitoki shingoni mwake. Huamka nayo, hupika nayo, na siku mwanawe wa kwanza alipooa ilibidi nimvue kwa nguvu mlangoni. Ameshona miaka thelathini na mitano katika kibanda kimoja chenye mlango wa bati: sare za shule, suti za maharusi, mapazia. Futi hiyo haiguswi na mtu. Watoto wake walijifunza hilo kwa makofi, mimi nilijifunza kwa maneno, na sijui nani aliumia zaidi.

Kosa lenyewe lilihusu mapazia. Bwana misitu alikuwa amejenga nyumba ya magogo huko juu mlimani, akampa wifi kazi ya madirisha yote. Alipanda mwenyewe, akapima mwenyewe, akayatundika mwenyewe, yakagusa sakafu na kuishia hapo. Baada ya mwaka na nusu mke wa bwana misitu akamwita. Mapazia yalikuwa yanaburuza chini, vidole viwili vizima. Wifi alipiga magoti, akapima, akapima tena, akaomba radhi, akayapunguza bure. Aliporudi alikaa kwenye cherehani bila kushona.

"Wifi, macho yangu yamekwisha," aliniambia. "Nimeanza kuwa fundi wa kubahatisha."

Tangu siku hiyo akawa anapima kila kitu mara tatu, na wateja wakaanza kunung'unika.

Lakini katika nyumba ile ile ya bwana misitu ndimo lilimotoka wazo la kujenga. Kaka yangu, mumewe, alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusaga unga miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kuziba. Unga hauna adabu, hupita penye tundu la sindano, na panapopita unga panya wanajua. Alitembea na mfuko wa kabari za mbao na kopo la gundi. Kila kabari aliyoigongomea aliiandika namba kwa penseli, ili mkaguzi akija ajue ni ya ngapi. Kiwanda kilimuaga kwa saa ya ukutani na kifua kibovu.

Walikuwa wamepanga vyumba viwili vya chini, upande wa nyuma, ambako ukuta ulikunywa maji kutoka ardhini mpaka rangi ikaanguka vipande vipande. Mvua zilipokwisha mwaka ule, kaka alikuwa analala ameketi. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, aliinua picha ya kifua dirishani akaitazama muda mrefu.

"Mama," alisema, "akikaa na ukuta ule msimu mwingine wa mvua, mimi sitakuahidi kitu."

Mvua nyingine zilikuwa miezi kumi mbele. Hapo ndipo wifi alipokumbuka kwamba siku nzima aliyoshinda kwenye nyumba ya magogo akipima madirisha hakusikia hata chembe ya unyevu, na kwamba kaka, aliyemsindikiza kubeba vitambaa, hakukohoa mpaka waliposhuka. Sisi tulikuwa na kiwanja kwenye mteremko, urithi wa baba yetu. Lori la mawe lisingeweza kukipanda, na vumbi la saruji lingemmaliza kaka kabla ya mvua. Basi ikawa magogo. Nilicheka niliposikia, halafu nikaona uso wake nikaacha.

Sasa fikiria mwanamke anayepima mara tatu urefu wa mkono wa shati, umpe nyumba ya kuchagulia miti. Tulizunguka wauzaji wiki tano. Mkaratusi aliukataa: kila aliyemuuliza alisema unajipinda ukikauka. Mwerezi ulikuwa mzuri, lakini uliopatikana usingetosha hata chumba kimoja. Ukabaki msonobari, mnyoofu, mwepesi kubebeka, bora uondolewe magome yote na kupakwa dawa ya wadudu.

"Mchagua jembe si mkulima," nilimwambia wiki ya tatu, miguu ikiniwaka moto.

"Mimi sichagui jembe, wifi. Nachagua mahali pa kumlaza kaka yako."

Angejibu kwa tusi ningemjibu.

Muuzaji wa kwanza alikuwa kijana wa viatu vinavyong'aa, na anayevaa viatu vya namna ile penye unga wa msumeno nina shaka naye. Alituambia magogo yake ni makavu kama mfupa. Wifi akaomba akatiwe kisahani kimoja kutoka katikati ya gogo, unene wa vidole viwili. Kijana akakata huku anacheka. Wifi akakifunga kwenye kanga, tukaondoka. Nyumbani aliazima mizani ya mwenye duka, akakipima, akakiweka karibu na jiko, na kila asubuhi akakipima tena na kuandika ukutani. Kabla ya juma kwisha kile kisahani kilikuwa kimepoteza theluthi ya uzito wake.

"Mfupa huu ulikuwa na supu nyingi," alisema.

Wa pili alikataa katakata kukata kisahani. Alisema gogo si mkate. Wifi hakubishana naye, alimpa mkono wa kwaheri.

Wa tatu alikuwa mama mmoja mnene mwenye unga wa msumeno mpaka kwenye nyusi, anayeendesha mashine ya mbao aliyoachiwa na mumewe. Tulimkuta anamkaripia dereva wa trekta. Wifi hakuwa hata amefungua mdomo kuhusu kisahani, mama akasema, "Haya ni mabichi. Nimeyakata miezi miwili iliyopita. Nikikwambia makavu nitakuwa nakudanganya, na wewe utarudi hapa na ndugu zako."

"Yatakauka lini?"

"Mengine ukutani, mama. Gogo zima halikauki kwa kuombewa. Tafuta fundi anayejua hilo."

Tulichukua kisahani hata hivyo. Nacho kilipungua, karibu sawa na kile cha kwanza. Usiku ule mzima, kama nilivyosimuliwa na kaka, wifi alikuwa anageuka kitandani. Mabichi kwa mabichi, tofauti ilikuwa mdomo wa muuzaji tu. Asubuhi alikuja kwangu kabla sijaosha uso.

"Nanunua kwa yule mama," alisema. "Kitambaa kinachonywea si kibaya. Kibaya ni kuuziwa bila kuambiwa." Kisha akanitazama kama anayetaka nimkataze. "Nikikosea, wifi, nimemuua kaka yako."

Nilimwambia hatakosea. Sikuwa na uhakika hata kidogo.

Fundi naye alichaguliwa kwa ushonaji. Wa kwanza alikuwa na simu imejaa picha na mdomo uliojaa ahadi, miezi miwili mnahamia, mama usiwe na presha. Wifi akamwambia, "Hizi zote mpya. Nguo mpya haina ubaya. Nionyeshe iliyofuliwa." Fundi hakuelewa. Alipoelewa, akakumbuka ana safari.

Wa pili tulielekezwa na yule mama wa mashine. Watu walimwita Kimya, na jina lake lilimkaa. Wifi alipomwomba amwonyeshe kazi ya zamani, aliinuka, akavaa kofia, akatupeleka mwendo wa saa nzima bila neno mpaka kwenye ghala moja la bustani ya miche. Alikuwa amelijenga miaka kumi na miwili nyuma. Akausukuma mlango kwa kidole kimoja, ukafunguka. Akafungua madirisha yote, moja moja, kwa kidole kile kile. Halafu akasimama pembeni.

Wifi aliweka kiganja kwenye pembe ambapo magogo yalipishana. Hapakupita hata kucha.

"Umeongea vizuri," alimwambia.

Mimi sikufurahi. Ninaogopa watu wasiosema. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na sikutaka mshindo huo utokee juu ya kichwa cha kaka yangu. Nilisema hivyo njiani, na wifi akanijibu kwamba kelele zangu peke yangu zinatosha nyumba nzima.

Kazi ilianza. Magogo yaliletwa na trekta, mama wa mashine akaja nayo na kuyahesabu mwenyewe. Kimya na wasaidizi wake wawili waliyachonga mfuo chini ili kila moja likae juu ya mgongo wa lenzake. Kati ya gogo na gogo walitandika vipande vya blanketi, magunia mawili aliyoyakusanya wifi kibandani kwa miaka. Kaka alikuwa anapandishwa kila siku, anakaa kwenye kiti chini ya turubai, anatazama. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote, akaambiwa kaa, mwenzako anakujengea. Alikuwa hasemi, lakini nilimjua tangu tunanyonya. Aibu ilikuwa inamla kuliko kifua.

Mwezi wa tano tangu maneno ya daktari, madirisha yakawekwa, sita, na milango miwili. Kimya akaaga kwa siku mbili, alikuwa na kazi ya kuanza kwingine. Wifi alikuwa kibandani anamalizia sare. Mimi na kaka tukabaki. Akazunguka nyumba yake polepole, anagusa hiki na kile, mpaka akafika kwenye dirisha la chumba cha kulala akasimama.

"Mdogo wangu, njoo uone kituko."

Juu ya fremu ya dirisha, kati yake na gogo la juu, palikuwa na uwazi wa vidole vinne. Ulikuwa umeshindiliwa blanketi. Tukaangalia dirisha la pili, vivyo hivyo. Yote sita, na milango yote miwili. Mbao za kufunika zilikuwa zimeegemezwa ukutani, bado kupigiliwa.

"Kaishiwa mbao, akaziba kwa matambara," kaka alisema. "Na huyu ndiye fundi hodari."

"Nilisema mimi," nikasema. Mungu anisamehe, niliona raha.

"Tukimwacha, upepo wote wa mvua utapita hapa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nishikie stuli."

Ningefanyaje? Uso wake ulikuwa umechangamka. Alichonga kabari kutoka kwenye mabaki ya mbao, safi, kama zile za kiwandani. Akatoa matambara, akapaka gundi, akagongomea. Kila akigonga mara tatu alipumzika, anahema, anatabasamu. Mimi nilikuwa chini, mkono mmoja kwenye stuli, mwingine unampa kabari. Siku mbili tulifanya kazi ile. Kabari ishirini na nne. Kisha tukapigilia mbao za kufunika, na ukipita usingejua kitu. Jioni ya siku ya pili alikula akaongeza, kitu ambacho hakikutokea mwaka mzima.

Kimya aliporudi alizikuta mbao zimepigiliwa. Alitazama juu.

"Nani?"

"Mimi," kaka alisema. "Nimekusaidia kidogo."

Kimya akamtazama kaka, akatazama mikono yake iliyokuwa ikitetemeka kwa uchovu, akainamisha kichwa kwa heshima. Hakuuliza zaidi. Akaendelea na paa.

Walihamia ikiwa imebaki miezi mitatu na nusu mvua zifike. Kwanza ilikuwa heri tupu. Kaka alilala chali. Wifi alipanda kila jioni na kitambaa cha mapazia, anapima, hakati. Alisema atakata akiwa na uhakika.

Wiki ya saba nilimkuta amesimama ukutani, uso karibu ugusane na gogo. Pembeni ya dirisha la chumbani, kati ya gogo na gogo, palikuwa na ufa wa unene wa kucha. Baada ya siku kumi ukaingia ncha ya kidole. Ukatokea mwingine jikoni, mwingine sebuleni. Mlango wa nyuma ukaanza kusuguana na sakafu, na madirisha yakagoma kufunguka. Upepo wa asubuhi ukaanza kupiga mluzi mle ndani, na kaka akarudia kulala ameketi.

Wifi alikwisha mwili. Kila siku alipima nyufa, anaandika kwenye karatasi, na kila siku namba ilikuwa kubwa. Alikuwa ananiuliza jambo moja tu: "Nilikosea wapi? Miti au fundi?" Mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya upande wa mlima. Binti daktari alimsikiliza kaka mgongoni, na safari hii akaandika dawa tu.

Asubuhi moja kioo cha chumbani kilipasuka chenyewe, tukiwa tumekaa. Nilikitazama. Mpasuko ulianzia juu, katikati, na mimi nilijua kilichokuwa nyuma ya ubao pale juu, kwa sababu nilikitoa mkononi mwangu. Nikajiambia haiwezekani, kipande cha mbao hakiwezi kuvunja nyumba. Kaka alikuwa kitandani, anakitazama kioo kile kile, hana habari. Nikanyamaza. Mficha uchi hazai, najua, lakini ningesema nini mbele yake?

Wifi hakungoja. Alikwenda kwanza kwa mama wa mashine.

"Umeniuzia mabichi."

"Nilikwambia mabichi," mama alijibu, wala hakuzima mashine.

Kutoka hapo akaenda moja kwa moja alikokuwa Kimya, nami nikimfuata nyuma. Kimya alikuwa anamjengea daktari wa mifugo ofisi ya magogo kando ya barabara. Kulikuwa na wapita njia, wasaidizi, na daktari mwenyewe na mkewe. Wifi alisema yote. Alisema nyumba inafunguka kama kikapu kibovu, alisema mume wake anakata roho kwa sababu ya fundi asiye na ulimi wala haya, akamgeukia daktari wa mifugo akamwambia, "Mwangalie huyu. Anakujengea mtego." Mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yake. Nilikuwa na maneno kumi tu ya kusema, na sikuyasema. Daktari wa mifugo aliagiza kazi isimame.

Kimya alifuta mikono kwenye suruali. "Nitakuja kesho," alisema.

Alikuja mapema. Kaka alikuwa nje, amesinzia juani na blanketi magotini. Kimya alizunguka kuta zote, akaweka sikio kwenye magogo, akagonga kwa kifundo cha kidole. Alifika kwenye dirisha la chumbani akasimama muda mrefu.

"Mama," alisema, "nyumba ya magogo hushuka."

"Hushuka wapi?"

"Chini. Gogo likikauka linanywea, ukuta unapungua kimo. Mwaka wa kwanza, wa pili. Vidole viwili, vitatu. Vinne hata. Ndiyo maana juu ya dirisha tunaacha nafasi, ukuta upate pa kushukia. Huu wako umeshuka pembeni, lakini hapa juu kuna kitu kimeushika."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile. Lakini wifi hakuwa anamtazama tena. Alikuwa ameshika futi yake kwa mikono miwili.

"Zote hushuka?"

"Zote."

"Hata ya bwana misitu?"

"Ile niliijenga mimi. Ilishuka vidole viwili."

Wifi akakaa kitandani. "Mapazia," alisema. "Hayakuwa marefu. Nilipima sawa, wifi. Miaka mitatu nimejisema bure."

Nilidhani atalia, na mimi nilikwisha kuanza. Kimya alipenyeza patasi chini ya ubao wa kufunika, akaukwanyua. Pale nyuma zilikuwepo kabari tatu, safi, zimebanwa mpaka zimebonyea. Ya katikati ilikuwa na namba saba kwa penseli, saba yenye mstari katikati, kama anavyoandika mtu mmoja tu nimjuaye. Wifi aliisoma. Akatazama nje, kiti cha kaka kikionekana kupitia kioo kilichopasuka. Akatazama stuli. Mtu mwenye kifua kile hapandi stuli peke yake.

"Nani alimshikia?" aliuliza, na hakupandisha sauti.

"Mimi."

"Na jana ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nashuku."

Wifi yangu ana tusi kwa kila siku ya mwaka, na siku ile hakunipa hata moja. Hilo ndilo lililoniuma. Kimya akavunja ukimya mwenyewe. "Nilipaswa kusema," alisema. "Nilikuta mbao zimepigiliwa, nikaona mikono ya mzee, nikaona haya kuzifungua."

Alianza kuzitoa. Gundi ilikuwa imeshika, ikabidi azipasue kwa nyundo, na nyundo ikamwamsha kaka. Aliingia anaburuza blanketi. Kabari zilikuwa zimepangwa juu ya meza, saba, nane, tisa.

"Hizo ni zangu," alisema.

Akatazama dirisha, akatazama ufa. Alikuwa mtu wa viwandani, haikumchukua muda.

"Mama Futi. Nimeharibu?"

Nilimwomba Mungu wifi amdanganye. Angeweza kusema ni miti, ni jua, ni chochote. Alikwenda akamshika kiwiko.

"Umeharibu," alisema. "Dada yako kakushikia stuli. Fundi kaogopa kuuliza. Na mimi nimekwenda kumvunjia mtu heshima barabarani. Wote tumeharibu. Sasa kaa chini upumue."

Akakaa. Kimya akapiga nyundo ya mwisho juu ya lile dirisha, na gogo likalia, sauti nene, ndefu, kisha likashuka. Tuliliona likishuka. Blanketi lililokuwa limening'inia kwenye ufa likabanwa. Kaka alikuwa ameinua uso, analisikiliza.

Siku tatu zilitumika kutoa zote ishirini na nne, na nyingi tulizitoa huku mvua inanguruma kwa mbali. Katikati ya siku hizo wifi alinishika mkono tukarudi kwa daktari wa mifugo. Alisubiri mpaka mkewe atoke, na wapita njia wapungue mwendo, halafu akasema kwa sauti ile ile ya kwanza kwamba alisema uongo juu ya fundi huyu bila kujua, na kwamba nyumba yake ingekuwa nzima kama isingeguswa na jamaa zake. Akanisukuma mbele. Nikasema sehemu yangu mbele ya watu. Kazi ikaendelea Jumatatu yake.

Mvua ilianza Alhamisi. Nyufa hazikuwa zimefunga zote, wifi alizishindilia mabaki ya blanketi kwa kisu cha mezani, akiulizia kila moja kwa Kimya kama inaruhusiwa. Kaka alikohoa usiku wa kwanza, na wa pili. Usiku wa tano alilala chali. Binti daktari alipomsikiliza mwezi uliofuata alirudia mara mbili, kisha akasema, "Endeleeni hivyo hivyo."

Lakini kaka hakuchangamka. Alikaa anatazama mikono yake. Jumatatu moja niliwakuta sebuleni, wifi amesimama mbele ya kiti chake. Alivua futi shingoni. Miaka thelathini na miwili ya ndoa, na kaka hakuwahi kuigusa. Akamvisha.

"Kila Jumatatu," alimwambia. "Kutoka sakafuni mpaka gogo la juu, pembe zote nne. Uandike kwa penseli, na namba. Siku ukuta ukikataa kushuka, unaniambia kabla ya mtu yeyote."

"Nisipoona vizuri?"

"Pima mara tatu."

Kaka aliinuka. Akaniangalia, akaangalia stuli, nami nikamwangalia wifi.

"Mshikie," alisema. "Safari hii naangalia."

Nikashika kwa mikono miwili. Kaka akapima pembe ya kwanza, akasoma, akapima tena, akasoma tena, akaandika. Wifi alikuwa amepiga magoti chini ya dirisha, anapandisha pazia kidogo, kadiri ukuta ulivyoshuka, na kulichoma pini. Mapazia ya nyumba ile hayajapindwa mpaka leo.